Kona ya Fundi: Vitesi inapokataa kutoka, usilaumu mkono, fuata kable



Mara nyingi katika kona hii tunazungumza juu ya kinga, pompi ya maji, mashini ya kusaga mahindi. Leo tunashuka mpaka kwenye maji. Najua wengine watasema: «Fundi, siye tuko batu ba migodi, mashua ni ya nini?» Lakini angalia vizuri. Watu wa Kolwezi wanakula samaki wa Nzilo, lile ziwa lililozaliwa katika miaka ya 1950 wakati mto Lualaba ulipozuiwa kwa ajili ya umeme wa migodi. Watu wa Likasi wako na Tshangalele. Pweto na Kilwa wako na Moero, Kalemie na Moba wako na Tanganyika. Basi, maji hayako mbali na sisi, na kuko vijana wengi wanaoshika levye ya mashua bila mtu kuwafundisha.

Nitawaeleza habari ya jamaa moja. Majina nayaacha, maana wako hai na wengine wanasoma gazeti hili.

Baba mmoja, mtu wa migodi tangu ujana wake, alipokea feza zake za mwisho mwaka 2003, wakati wa ile «départ volontaire» ambayo familia nyingi za Katanga zinaikumbuka bado. Wengine walinunua minibasi, wengine mashini ya kusaga, wengine walikula tu mpaka zikaisha. Huyu alinunua mashua ya zamani. Ilikuwa imelala miaka mingi chini ya mabati, mwenyewe alikwisha kurudi Ulaya. Baba aliiosha, akapata batri, akaweka esansi mpya, na mashini ikawaka. Furaha nyumbani! Kazi yake ilikuwa kwenda kambi za wavuvi na kuleta samaki pamoja na mama za biashara. Mwana wake wa kwanza, kijana wa miaka 17, ndiye aliyeshika levye.

Siku moja mwaka 2005, jioni, mashua ilikuwa inarudi na mama watano na mabeseni yao. Kijana alipofika karibu na kivuko alivuta levye katikati, ili helisi ipumzike. Levye ilikataa. Alivuta tena kwa nguvu zote, bila kitu. Mashua iliendelea kwenda mbele, ikapanda juu ya mtumbwi mmoja, ikaupasua, ikasimama kwenye matope. Hapo kando watoto walikuwa wanaoga. Walikimbia. Hakuna aliyeumia, na mpaka leo nikifikiri juu ya wale watoto, moyo unapiga.

Baba alilipa mtumbwi. Kisha hasira yote ikaanguka juu ya mwana. «Weye njo uliaribisha mashini! Unakamata levye kama mutu wa kupasula kuni!» Kijana alijibu: «Tata, hapana mimi. Hii levye iko nguvu tangu zamani, nilikuambiaka.» Baba hakusikia. Fundi mmoja aliitwa, akaangalia kwa dakika tano, akasema meno ya vitesi yamekufa, inafaa kununua mguu mwingine. Bei yake ilipita bei ya mashua yenyewe. Usiku ule kijana alikwenda kulala kwa mjomba wake, na hakurudi.

Nyuma ya wiki tatu mama yake alikuja kwangu. «Fundi, mutoto iko kwa muyomba wake, baba yake hamutaje hata jina. Kuya uangalie hii kintu, ju mi nimechoka.»

Nilikwenda.

Mashua ya namna hii inafanya kazi namna gani?

Mbele ya kufungua chochote, inafaa kujua. Mashini yenyewe iko ndani ya mashua, nyuma kabisa, inafanana na mashini ya motokari. Nguvu yake inapita katika ukuta wa nyuma na kuingia katika mguu ulio inje, ndani ya maji. Chini ya mguu kuko helisi. Namna hii ilianza kuuzwa sana tangu mwaka 1959, wakati Volvo Penta walipoonyesha Aquamatic yao. MerCruiser wa Marekani walifuata mwaka 1961. Mashua ya baba huyu ilikuwa na MerCruiser Alpha One ya miaka ya 1980, na hayo nitakayosema ni ya Alpha One. Volvo Penta za zamani zinashika vitesi kwa namna nyingine, basi usichanganye.

Katika Alpha One, vitesi ya mbele na ya nyuma haiko juu karibu na mashini. Iko chini kabisa ndani ya mguu, kando ya helisi. Kuko kipande kimoja chenye meno kinachoteleza: kikisukumwa huku kinakamata gurudumu la mbele, kikisukumwa kule kinakamata gurudumu la nyuma. Katikati hakikamati kitu, na helisi inapumzika.

Nani anakisukuma? Kable. Na kable ziko mbili. Ya kwanza inatoka kwenye levye ya dereva mpaka kwenye sahani moja ya chuma juu ya mashini. Ya pili inaanza kwenye sahani hiyo, inapita katika ukuta wa nyuma, inaingia ndani ya mupira wenye mikunjo kama akordeo, na kufika kwenye mguu. Vijana, mnajua kable ya freni ya kinga: waya ndani, ganda inje. Ni paka hivyo. Na mnajua pia freni ya kinga inavyokuwa wakati maji yameingia ndani ya ganda: unavuta, haiji, unaachilia, hairudi.

Kuko kitu kingine kidogo ambacho wengi hawakijui. Meno yale, wakati mashini inasukuma, yanabanana sana. Huwezi kuyaachanisha kwa urahisi. Kwa hiyo, kwenye ile sahani ya chuma waliweka kizimio kidogo cha umeme chenye kagurudumu kanakokaa ndani ya pengo lenye umbo la V. Unapovuta levye kuitoa katika vitesi, sahani inajipinda kidogo, kizimio kinakata moto wa mashini kwa muda mfupi sana, meno yanalegea, vitesi inatoka, na mashini inaendelea kuzunguka. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Dereva hasikii kitu, pengine kikohozi kidogo tu.

Sasa fikiri: ile kable ya pili ikiwa nzito, sahani inabaki imepindwa muda mrefu, na moto unabaki umekatwa. Mashini inakufa kabisa. Basi, ukiona Alpha One ya zamani inazimika kila mara unapotoka katika vitesi, usianze na kaburateri. Anza na kable ya pili.

Tulitafuta namna gani?

Nilimwambia baba: «Hatutanunua kitu leo. Leo tunatafuta tu mahali penye uzito.» Mnyororo mrefu haukaguliwi wote mara moja. Unaugawanya, unajaribu kila kipande peke yake.

Kwanza, usalama. Mashua tuliipandisha inchi kavu. Kifunguo cha kontakti nilikiweka katika mfuko wangu, si mfuko wa mwingine. Tulitosha waya wa batri. Tulifungua kifuniko cha mashini na kungoja harufu ya esansi itoke. Hapo hakuna kuvuta tumbaku wala kuwasha kibiriti. Na mashini hii usiiwashe inje ya maji, hata dakika moja, kama haukuipatia maji. Pompi yake iko ndani ya mguu, na gurudumu lake la mupira litaungua.

Pili, mtu mmoja kwa levye, mwingine kwa helisi. Wakati mashini imezimwa usilazimishe levye hata kidogo. Meno yanaweza kukutana kichwa kwa kichwa, na ukisukuma unaharibu. Mwenye helisi aizungushe polepole kwa mkono wakati mwenye levye anasukuma. Sisi tulifanya hivyo, na levye ikabaki nzito mbele na nyuma.

Tatu, tulikwenda kwenye sahani ya chuma. Mbele ya kulegeza kitu tulitia alama ya rangi mahali kila kable ilipofungiwa. Usisahau! Ukipoteza mahali pale, utafanya kazi mara mbili. Kisha tulitosha kable ya kwanza peke yake, tukajaribu levye. Ilikwenda laini, ikasikika tu tak, tak ya mahali pake. Basi, levye ni nzima na kable ya kwanza ni nzima.

Nne, tulishika mwisho wa kable ya pili kwa vidole, mwingine akazungusha helisi. Inafaa iende na kurudi bila mapigano. Yetu ilikuwa kama imepandwa katika simenti.

Hapa wengi wanakosea. Kable ya pili ikiwa nzito, ubaya unaweza kuwa katika kable, au unaweza kuwa katika mguu wenyewe. Yule fundi wa kwanza aliishia hapa na kusema: mguu. Lakini kubaki kipimo kimoja.

Tano, kutenga mguu na kable. Kwa Alpha One levye inawekwa katika vitesi ya mbele kabisa mbele ya kuvuta mguu; bila hivyo unaweza kuvunja kitu ndani. Sisi tulirudisha kable mahali pake, tukazungusha helisi mpaka vitesi ya mbele ikashika. Tulilegeza vyuma viwili vinavyoinua mguu, tukatosha ekru sita, na kuuvuta mguu nyuma. Ni mzito, inaomba watu wawili. Kisha tukajaribu tena kable ya pili, sasa iko peke yake.

Ilibaki nzito vilevile.

Na mguu? Nilishika kile kichuma cha vitesi kilicho juu yake, mwenzangu akizungusha helisi. Mbele, katikati, nyuma: laini kabisa. Mguu haukufa. Mguu ulikuwa mzima.

Tulipokata ile kable tuliona vizuri. Mupira wa mikunjo ulikuwa umepasuka kwa uzee. Ganda la kable lilikuwa na ufa pale linapojipinda. Maji yaliingia, na waya wa ndani ukala kutu. Tena, ufa wa namna ile ni hatari mara mbili: maji yanaweza kufuata ndani ya ganda la kable na kuingia polepole katika mashua wakati imefungwa usiku, mpaka izame bila mtu kujua. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Waya moja iliyotoshwa

Lakini swali moja lilibaki kwangu. Kama kable ilikuwa nzito hivi, mashini ingezimika. Jioni ile haikuzimika. Iliendelea kusukuma mpaka juu ya mtumbwi. Juu ya nini?

Niliangalia kile kizimio kidogo. Waya yake moja ilikuwa imetoshwa na kufungwa na plastiki.

Nikauliza: «Baba, nani alitosha hii waya?»

Alinyamaza. Alifuta mikono yake na kitambaa, muda mrefu. Kisha alisema: «Ni mimi njo nilitosha. Mashini ilikuwa inazimika kila mara tukifika. Rafiki moya wa garaji aliniambia: tosha waya, haitazimika tena. Na kweli, haikuzimika.»

Nilimwambia kwa upole: «Ndiyo, haikuzimika. Na njo maana vitesi haikutoka.»

Ndugu msomaji, unaona? Kuzimika kule kulikuwa sauti. Mashini ilikuwa inasema: kable yangu inakufa. Kijana alisema pia, kwa kinywa chake, kwamba levye iko nguvu. Sauti mbili, na zote mbili zilifungwa. Watu wa shimo wanajua jambo hili kuliko wengine: kable inayoshusha watu inaangaliwa ikiwa ingali nzima, haingojewi mpaka ikatike. Na taa nyekundu ikiwaka, hakuna anayeivunja ili apate kulala.

Baba hakusema tena neno. Alichukua kile kipande cha kable ya zamani, akakitia katika mfuko wa karatasi, akaondoka kwa miguu. Mama yake kijana alinieleza mambo yaliyofuata. Alifika kwa mjomba wakati wa chakula cha jioni. Hakukaa. Alimpa mwana ile kable na kusema: «Jaribu kuivuta.» Kijana alivuta, waya haikutembea. Ndipo baba alisema mbele ya shemeji yake na watoto wote: «Si mukono yako. Ni mimi nilitosha waya. Urudie kwetu.»

Kwa mzee wa desturi zetu, kusema hivyo mbele ya watoto si kitu kidogo. Kijana alirudi usiku uleule.

Matengenezo

Kable ya pili haitengenezwi, inabadilishwa. Kuitia mafuta kunaweza kukusaidia siku mbili tatu, kisha kutu inarudi. Tuliagiza kable mpya na mupira mpya wa mikunjo kwa dereva wa kamyo aliyekuwa anakwenda Afrika ya Kusini. Tulingoja, na mashua ilibaki inchi kavu. Mkifanya kazi hiyo, kumbukeni haya:

Badilisha mupira pamoja na kable. Kable mpya ndani ya mupira uliopasuka ni feza iliyotupwa.

Pima kama kitabu cha mashini kinavyoagiza, si kwa macho. Kable ikifungwa vibaya, meno yanashika nusu tu. Yatajikwaruza pembe mpaka yawe mviringo, na vitesi itaruka yenyewe. Hapo ndipo mguu utakufa kweli.

Ekru zinazoshika mwisho wa kable zisibanwe mpaka mwisho. Zifunge mpaka ziguse, kisha uzirudishe nusu mzunguko, ili kipande kiweze kujigeuza. Ukibana sana, unaumba uzito mpya kwa mkono wako mwenyewe. Pini zake ziwe mpya.

Rudisha waya ya kizimio. Kagurudumu kake kakae katikati ya pengo la V wakati levye imetulia.

Angalia pia mwendo wa mashini ikipumzika. Kama inazunguka mbio sana, vitesi itaingia kwa kelele na kutoka kwa shida. Kwa Alpha One za zamani ni karibu mizunguko 600 mpaka 700 kwa dakika.

Na kama inakupata ukiwa juu ya maji?

Vijana mnaoshika levye, haya ni yenu. Mbele ya kufika kivukoni, wakati ungali mbali, weka levye katikati na uone kama helisi inapumzika kweli. Kisha jaribu kurudi nyuma kidogo. Ikikubali, endelea polepole. Ikikataa, usipigane na levye: funga kontakti. Mashini ikifa, helisi haisukumi tena. Mashua itateleza bado kidogo, kwa hiyo fanya mapema. Kasia na nanga viwe karibu siku zote, na kila mtu avae jile yake. Mwonyeshe pia abiria mmoja mahali pa kontakti, maana hata dereva anaweza kuanguka.

Na wazazi, ruhusa kidogo niseme neno moja. Mtoto akisema kitu kimekuwa kizito, nenda ukishike kwa mkono wako mwenyewe mbele ya kujibu. Inakamata dakika moja. Ile familia ililipa mtumbwi mmoja na wiki tatu za kimya nyumbani, na ingeweza kulipa zaidi sana.

Mashua ile ilifanya kazi miaka mingine nyuma ya pale. Kipande cha kable ya zamani baba alikitundika kwenye msumari karibu na mlango. Mtu akiuliza ni cha nini, anasema tu: «Ulizeni mwana wangu, yeye njo anajua.»

Mwezi ujao, tukiwa wazima, tutafungua pompi ya kinga. Wekeni tayari kipande cha ngozi na mafuta kidogo. Mkae vizuri!